VITU VILIVYOFUNDWA

Mwaka huu chama kimenipa ukurasa wa sayansi, na mada niliyoichagua ilizua ubishi hata kabla sijaandika neno moja. Ubishi wenyewe haukuwa juu ya sayansi. Ulikuwa juu ya Kiswahili. Je, tuviite nini vitu ambavyo mtengenezaji ameviwekea amri ndani ya miili yake, vikawa vinajikunja, vinajikunjua au vinajifungua kwa wakati wake, pasipo mota, pasipo betri na pasipo kompyuta?

Wako waliosema tuviite vitu vyenye akili. Mimi nilikataa katakata, na sababu nitaitoa mbele. Wako waliotaka vitu vya programu, jina ambalo si baya lakini halimwambii lolote mtu asiyejua programu ni kitu gani. Mwishowe nikapendekeza kitenzi kufunda. Huko pwani mwari hukaa na kungwi wake, akafundwa, kisha akaenda zake kwa mumewe. Kungwi hamfuati jikoni kumnong'onezea la kufanya. Alichofundwa kimo ndani yake, kinangoja siku yake. (Sisi wa bara mambo haya tumeyapata vitabuni, lakini maana tunaielewa.) Vitu nitakavyovieleza viko vivyo hivyo: fundi huvifunda mara moja, akaviacha, na siku ishara ikija, iwe joto, maji au unyevu wa hewa, vinatenda vyenyewe. Kwa hiyo katika makala haya nitaviita vitu vilivyofundwa. Kama una jina bora lilete chamani tulijadili.

Kwanza tuelewane juu ya hilo neno programu. Wengi wetu tukilisikia tunaona kompyuta. Lakini programu ni amri zilizopangwa mapema, basi. Mwaka wa 1804 huko Lyon, Ufaransa, Joseph Marie Jacquard alitengeneza kitanda cha mfumi kilichoongozwa na kadi ngumu zenye matundu. Palipo na tundu uzi unainuliwa, pasipo na tundu uzi unabaki chini. Ukitaka ua jingine kwenye kitambaa unabadilisha kadi. Hapakuwa na umeme hapo. Amri zilikaa kwenye matundu ya karatasi ngumu. Swali letu leo linasonga hatua moja mbele: je, tukiitupa hata hiyo kadi, amri zikakaa ndani ya uzi wenyewe?

Mfano wa kwanza uko nyumbani kwenu, au kwa jirani aliye na stima. Ni pasi ya umeme. Umewahi kujiuliza ni nani anayeizima na kuiwasha ile taa ndogo wakati unapiga pasi sare yako? Ndani ya pasi, karibu na bamba la chini linalopata moto, mna ukanda mwembamba uliofanywa kwa metali mbili zilizoshikanishwa mgongo kwa mgongo, zisiweze kuachana. Zikipata joto zote mbili hurefuka, lakini hazirefuki sawasawa. Chukua fito mbili za mita moja moja, mmoja wa brasi na mwingine wa feleji, uzipandishe joto kwa nyuzi 100. Ule wa brasi utaongezeka milimita 1.9 hivi, na ule wa feleji milimita 1.2 hivi. Tofauti haifiki hata milimita moja! Lakini kwa kuwa zimefungwa pamoja, metali iliyorefuka zaidi haina pa kwenda ila kuupinda ukanda mzima, yenyewe ikawa upande wa nje wa pindo. Ukanda ukipinda, ncha yake inaachana na kituo cha umeme, tik! taa inazimika. Pasi ikipoa ukanda unanyooka na umeme unarudi.

Na kile kidude cha kuzungusha, chenye maandishi ya nailoni, sufu na pamba? Kazi yake ni kusogeza skrubu inayoamua ukanda upinde kiasi gani kabla ya umeme kukatika. Yaani kila ukikizungusha unabadilisha programu, ingawa hakuna aliyekuambia hivyo.

Aliyebuni ukanda huu wala hakuwa na haja na pasi. Alikuwa John Harrison, seremala Mwingereza aliyegeuka kuwa fundi wa saa. Zamani zake nahodha aliye katikati ya bahari aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua na nyota, lakini mashariki na magharibi alikuwa akibahatisha tu, kwa maana kulijua hilo kulihitaji saa isiyokosea. Dunia hujizungusha digrii moja kila dakika 4. Basi saa ikikosea dakika 4, meli iliyo karibu na Ikweta inajidhania iko kilomita 111 mbali na pale ilipo, na huenda pale ilipo ndipo penye mwamba. Adui mkubwa wa saa alikuwa joto. Saa ikitoka kwenye baridi ya London ikafika kwenye jua la tropiki, springi yake inalegea nayo inachelewa. Katika saa yake ya tatu, aliyoimaliza mwaka wa 1759 baada ya kuishughulikia kwa miaka 19 (hebu fikiria, ni umri wetu na zaidi!), Harrison aliweka ukanda wa brasi na feleji ambao ulirekebisha springi kila joto lilipobadilika. Hakuna baharia aliyehitaji kuugusa.

Baadaye, mwaka wa 1896, Mswisi Charles Édouard Guillaume aliyefanya kazi Ufaransa alipata aloi ya chuma na nikeli ambayo karibu haitanuki kabisa. Ufito wake wa mita moja ukipandishwa nyuzi 100 huongezeka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Aloi hiyo huitwa invar. Ukiiunga na metali inayotanuka sana unapata ukanda unaopinda zaidi kwa joto lile lile. Guillaume alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1920, na sijui kama kuna tuzo nyingine iliyotolewa kwa kitu kukataa kutanuka.

Nilipomsomea mwenzangu wa dawati moja hadi hapa, alinikatiza. "Hiyo si ni habari ya kutanuka kwa metali? Tuliimaliza kidato cha kwanza. Programu iko wapi?" Swali lake lina uzito na sitalikwepa. Ni kweli kila chuma hutanuka. Bati la darasa letu hutanuka saa sita mchana na kulia juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyelifunda. Tofauti ni kwamba kwenye ukanda wa pasi kuna mtu aliyeamua mapema mambo matatu: ishara ni ipi, tendo ni lipi, na tendo liishie wapi. Tena mtu huyo angeweza kuamua vingine kwa metali zile zile. Angebadilisha unene au urefu, au angeukunja ukanda mviringo kama springi ya saa ili ncha yake izunguke badala ya kuinuka. Maada ni ile ile, mpangilio ni mwingine, na tendo ni jingine. Mpangilio ndio programu.

Sasa tuingie kwenye metali ambayo mimi binafsi niliposoma habari zake nilirudia ukurasa mara tatu.

Mwaka wa 1959 William Buehler, mtaalamu wa metali katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani huko White Oak, jimbo la Maryland, alikuwa akitafuta metali ya kutengenezea ncha ya kombora, ncha itakayostahimili joto na mishtuko. Katika aloi alizozijaribu kulikuwa na moja ya nikeli na titani, yenye karibu idadi sawa ya atomu za kila upande. Aloi hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu: ikigongwa ingali moto ililia kama kengele, ikigongwa imepoa ilitoa sauti iliyokufa, kama kugonga ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kipande chake, kilichokunjwa mikunjo mikunjo kama kodiani, kilipelekwa mkutanoni ili wakubwa waone jinsi kinavyovumilia kupindwapindwa. Mmoja wao, David Muzzey, alikuwa mvutaji wa kiko. Akatoa kiberiti chake cha kuwashia kiko, akakipasha moto kipande kile. Kumbe! Kikajinyoosha mbele ya macho yao. Aloi ikaitwa nitinol, jina lililounganishwa kutokana na herufi za mwanzo za nikeli, titani na maabara yenyewe.

Aliyesaidia kueleza kisa chake alikuwa Frederick Wang, mjuzi wa fuwele, yaani jinsi atomu zinavyojipanga ndani ya metali. Nitajaribu kulieleza kwa njia ya paredi. Fikiria paredi ya asubuhi: wanafunzi wamesimama wima kwa mistari, na kila mmoja ana majirani zake. Hiyo ndiyo hali ya atomu za nitinol ikiwa na joto. Sasa baridi inaingia na mistari inaanza kuegemea, huu kushoto, ule kulia. Mtu akija akawasukuma, wanaweza wote kuegemea upande mmoja, umbo zima la paredi likabadilika, lakini angalia: hakuna aliyebadilisha jirani. Jua likitoka wanasimama wima tena, na kwa kuwa majirani ni wale wale, paredi inarudi vile ilivyokuwa. Senyenge ya kawaida haiko hivyo. Ukiipinda sana atomu zake huteleza na kupata majirani wapya, na hapo umbo la kwanza limepotea.

Kuufunda waya wa nitinol si jambo gumu kulieleza. Unaufunga barabara katika umbo unalotaka, tuseme kwenye kibao cha chuma chenye misumari, unautia tanuruni penye nyuzi 500 hivi kwa dakika kadhaa, kisha unaupoza. Udongo uwahi ungali maji. Ukishatoka hapo unaweza kuupinda upendavyo ungali baridi. Ukipata joto lake unarudi kwenye umbo la tanuruni. Hilo joto lake nalo huchaguliwa. Nikeli ikizidi au ikipungua kidogo tu, hata chini ya asilimia moja, joto la kuamka linasogea kwa makumi ya nyuzi. Mwenye kuchanganya aloi ndiye anayeamua kama waya utaamka kwenye maji yanayochemka au kwenye barafu.

Na hapa mambo yanakuwa mazito, maana nitinol imeingia ndani ya miili ya watu. Mgonjwa ambaye mshipa wake wa damu umebana huweza kuwekewa kibomba kidogo cha wavu wa nitinol. Kibomba hukunjwa kikawa chembamba, kikafungiwa ndani ya mrija, na daktari akaupitisha mrija kwenye mshipa hadi penye tatizo. Akiuvuta mrija nyuma, kibomba kilichoachwa ndani ya joto la mwili, nyuzi 37, kinapanuka kurudi umbo lake na kuushikilia mshipa wazi. Hakuna mkono unaoweza kuingia huko kukifungua. Ikiwa aliyekifunda alikosea kipimo, hakuna wa kumnong'onezea. Ndiyo maana vitu hivi hupimwa kwa kukunjwa na kukunjuliwa mamilioni ya mara kabla ya kukubaliwa, kwa kuwa nitinol nayo huchoka kama chuma kingine chochote. Waya za kunyoosha meno ni mfano mwingine. Hata kwenye sayari ya Mirihi imefika: mwaka wa 1997 kigari Sojourner cha Marekani kilikuwa na waya wa nitinol uliosogeza kioo kidogo kilichofunika seli ya jua, ili vumbi linalotua juu ya kioo lipimwe. Waya badala ya mota!

Lakini tusiimbe sifa tupu. Nitinol haiwezi kukumbuka kila upuuzi unaoitendea. Ikivutwa zaidi ya asilimia 8 hivi ya urefu wake hairudi yote. Kupashwa joto ni haraka, kupoa ni polepole, kwa hiyo haifai kazi ya mbiombio. Na sasa naitoa ile sababu yangu ya kukataa jina vitu vyenye akili. Waya wa nitinol haujui kama uko ndani ya mshipa wa mtu au ndani ya sufuria ya chai. Joto lake likifika, unatenda. Mwenye akili angeuliza.

Pengine msomaji unasema, haya yote ni mambo ya maabara za Wazungu, sisi wa shule ya kutwa yanatuhusu nini? Basi njoo chini ya msonobari. Nyanda zetu za juu zina misitu ya misonobari iliyopandwa, na matunda yake makavu yamejaa chini. Chukua tunda lililokwisha kufunguka, lizamishe kwenye maji, uende ukafanye hesabu zako. Ukirudi baada ya saa moja au mbili utalikuta limejifunga. Lianike, litafunguka tena. Kumbuka tunda hilo limekufa. Halina damu wala utomvu unaotembea. Mwaka wa 1997 wanasayansi Dawson, Vincent na Rocca walieleza katika jarida la Nature jinsi linavyofanya. Kila gamba lina tabaka mbili. Tabaka la nje likinyonya maji hurefuka, la ndani halirefuki kwa kiasi hicho, kwa hiyo gamba linapinda kujifunga. Ni ukanda wa pasi ule ule, ila ishara hapa ni maji badala ya joto. Na cha ajabu zaidi ni kwamba tabaka zote mbili zimejengwa kwa selulosi. Tofauti iko kwenye mshazari wa nyuzi zilizozungushwa kwenye kuta za seli. Programu ya msonobari ni pembe, jamani. Ni nani aliyeupanga mshazari huo? Hilo nawaachia mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa dini, na ningependa kuwepo wakijadiliana.

Wasanifu majengo walipoliona hilo hawakulala. Mwaka wa 2012 Achim Menges wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, aliweka katika jumba la Centre Pompidou, Paris, kazi iitwayo HygroScope: vipande vingi vyembamba vya mbao ndani ya sanduku la kioo, vikijifungua na kujifunga kadiri unyevu wa hewa ulivyobadilika mle ndani. Kilichosogeza mbao ni mbao. Maseremala wa tangu na tangu wamelia na mbao kupindapinda. Huyu akaufanya upindaji huo kuwa kazi yenyewe.

Mwaka uliofuata, 2013, Skylar Tibbits wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye alisomea usanifu majengo na pia sayansi ya kompyuta, aliwaonyesha watu uzi wa plastiki uliotoka kwenye mashine ya kuchapa vitu vya umbo kamili. Mashine hizo hujenga kitu tabaka juu ya tabaka. Uzi wake ulikuwa wa plastiki mbili: moja ngumu isiyobadilika, nyingine inayovimba ikinywa maji. Kwenye kila kiungo alikuwa ameamua ni kiasi gani cha plastiki ya kuvimba kiwekwe na ni wapi plastiki ngumu izuie ili kiungo kisipite pembe inayotakiwa. Uzi ulipotiwa majini ukajikunja wenyewe na kuandika herufi M, I na T. Alikiita kipimo cha nne, yaani urefu, upana, kina, na sasa wakati. Kwa sehemu kubwa kazi za namna hiyo zimebaki kwenye maabara na maonyesho, lakini wazo lake limeenea vyuo vingi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe ukurasa huu.

Chama cha sayansi na chama chetu tulikaa pamoja siku moja baada ya masomo tukijaribu kutengeneza kitu kilichofundwa bila senti. Tulitumia karatasi ya kunakilia ramani, ile nyembamba ya Jiografia. Ukikata ukanda wa sentimita 10 kwa 1 na kuulaza taratibu juu ya maji ya karai, upande wa chini unalowa kwanza, nyuzi zake zinavimba, na ukanda unajikunja kwenda juu. Baada ya muda maji yakifika upande wa juu unajinyoosha tena. Mpaka hapo ni sawa. Lakini kanda nyingine zilijiviringisha kama mkeka na nyingine zilijikunja kama mfereji wa paa, na ilhali karatasi ni ile ile tukabaki tukitazamana.

Aliyetufungua macho ni msichana mmoja wa Sayansi Kimu, ambaye hakuwa amechagua Fizikia. Alisema karatasi ina mwelekeo kama kitambaa. Fundi cherehani yeyote anajua kwamba kitambaa kikivutwa kwa urefu wa nyuzi hakikubali, kikivutwa kwa mshazari kinanyumbuka, na ndiyo sababu sketi iliyokatwa kwa mshazari inaanguka vizuri mwilini. Akairarua karatasi kwa upande mmoja, ikararuka moja kwa moja. Akairarua kwa upande wa pili, ikaenda kombokombo. "Nyuzi zimelala huku," akasema, akionyesha upande ulioraruka vizuri. Kisha mwalimu wetu wa Fizikia akaongezea kwamba uzi wa karatasi ukinywa maji hunenepa sana lakini hurefuka kidogo mno, kwa hiyo karatasi huvimba kwa kukata nyuzi wala si kwa kuzifuata. Basi ukanda uliokatwa kukingama nyuzi utajiviringisha kama mkeka, na uliokatwa kufuata nyuzi utakuwa mfereji.

"Na ukikatwa mshazari?" Ni yule msichana tena. Tukakata kwa nyuzi 45, tukaulaza majini. Ukajisokota kama springi! Tukakata mwingine kwa nyuzi 45 za upande wa pili. Ukasokotea upande wa pili. Karatasi ile ile, maji yale yale, mkasi ule ule. Tulichobadilisha ni pembe tu. Hapo ndipo nilipoielewa habari ya msonobari, na ya mbao za Paris pia.

Sasa nawauliza walimu wangu wapendwa, kwa heshima zote. Mwishoni mwa kidato cha pili tulijaza fomu za kuchagua masomo, na katika ratiba yetu Fizikia na Sayansi Kimu ziko kwenye kisanduku kimoja. Ukichukua hii unaiacha ile. Najua walimu ni wachache na vyumba ni vichache, tena najua hakuna aliyekaa kupanga kutuumiza. Lakini tazameni kazi zote nilizozitaja. Buehler aliipata aloi, lakini bila mjuzi wa fuwele ingebaki mazingaombwe ya kiberiti. Kibomba cha mshipa kinamhitaji mwenye kujua kwa nini kinafunguka, mwenye kuhesabu kitakunjuka mara ngapi kabla ya kuvunjika, na mwenye kuchora wavu unaokunjwa kuwa mwembamba kama mrija. Huyo wa tatu kazi yake inakaribia ufumaji kuliko uhunzi. Tibbits alitoka kwenye usanifu majengo. Hata pasi ina mtu aliyejua nailoni inaungua kwa joto gani. Maarifa haya yakitengwa kwenye visanduku viwili, mmoja atajua hesabu ya kutanuka asijue la kuifanyia, na mwingine atajua mshazari asijue kwamba alichonacho ni sayansi.

Wavulana wenzangu nao wana lao la kujibu. Wako wanaocheka Sayansi Kimu ati ni mapishi. Wengine walikuwepo pale karaini wakiwa wametumbua macho, na kesho yake walirudia mzaha ule ule. Sina la kuwaambia zaidi ya kwamba si mmoja wao aliyejua karatasi ina upande.

Ombi langu si kubwa. Kama visanduku haviwezi kutenganishwa, basi vipindi viwili kila muhula, Fizikia na Sayansi Kimu kwa pamoja, kwenye chumba cha cherehani ambacho kina meza kubwa na maji. Vifaa nimekwisha kuvitaja: karatasi ya ramani, karai, mkasi, pasi mbovu ya kufunguliwa, na matunda ya msonobari ambayo hayanunuliwi.

Kuna maswali tuliyoyaacha hewani siku ile kwa kuwa wengi wetu huwahi matatu ya saa kumi na moja. Ukikata kwa nyuzi 30 badala ya 45, msokoto unakuwa wa duara kubwa au ndogo? Ukigundisha kipande cha selotepu katikati ya ukanda, sehemu hiyo itakataa kujikunja kama plastiki ngumu ya Tibbits? Ukipaka nta ya mshumaa upande mmoja wote, je, utabaki umejikunja hata baada ya kulowa? Kanda zilizobaki ziko kwenye kabati la chama, rafu ya chini, ndani ya bahasha ya kaki, na mwelekeo wa nyuzi nimeuchorea mshale kwa penseli. Njoo na mkasi wako, kwani wa chama umepotea.